Nafasi Kati ya Reli Mbili

Nchi yetu ina reli moja tu, na sina nia ya kuisema vibaya. Inatoka bandarini, inapita katika mashamba ya mkonge yaliyoachwa, inapanda milima kwa kuzunguka-zunguka, na hatimaye inafika mji mkuu ikiwa imechoka. Treni hupita mara mbili kwa juma kwenda na mara mbili kurudi. Mvua ikinyesha hupita mara moja, halafu husubiriwa.

Zamani reli hiyo ilisimamiwa na shirika moja lenye mkurugenzi mmoja. Kisha Mheshimiwa Waziri wa Mwendo akasafiri kwenda nchi za mbali kujifunza, akagundua kwamba wenzetu wametenganisha njia na treni: huku kuna mamlaka ya kutunza reli, huku kuna kampuni ya kuendesha treni. Alirudi amefurahi. Haukupita mwezi nasi tukatenganisha. Ikabaki kazi ndogo ya kumteua mkurugenzi wa mamlaka ya reli, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba kiti hicho kimoja kilikuwa kimeahidiwa watu wawili, wote wazalendo, na wote walikuwa wameshashona suti.

Serikali yetu ina huruma. Haikutaka kumvunja moyo yeyote. Waziri alitafakari siku tatu, na siku ya nne akatangaza kwamba kwa mara ya kwanza duniani reli zenyewe zitatenganishwa. Kutakuwa na Mamlaka ya Reli ya Kushoto na Mamlaka ya Reli ya Kulia.

"Ndugu wananchi," alisema siku ya uzinduzi, "kila mmoja wenu ana miguu miwili. Ni nani kati yenu amewahi kuitia miguu yote miwili katika kiatu kimoja? Basi kwa nini kwa miaka yote hii tulizilazimisha reli mbili kuvaa mkurugenzi mmoja?"

Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Sheria ilitungwa vizuri. Ilisema kushoto ni kushoto kwa mtu anayetazama mji mkuu, kama ilivyo tabia ya raia mwema. Mtu anayetazama bandari hakutajwa. Mataruma, yaani yale magogo yanayolala chini na kuzibeba reli zote mbili, yalikabidhiwa kwa Kamati ya Pamoja, ambayo haijakutana hadi leo kwa kuwa haijaamuliwa nani akae upande gani wa meza. Kuhusu nafasi iliyopo kati ya reli na reli, sheria haikusema kitu. Ilionekana kuwa ni hewa tu, na kokoto kidogo.

*

Reli ya Kulia ilipewa Bibi Eufrasia Gondwe, ambaye kabla ya hapo alisimamia viwanja vya maonyesho. Reli ya Kushoto ilipewa Dakta Nestori Mpangala, na mimi nilishukuru Mungu, maana alikuwa mwalimu wangu katika chuo cha reli.

Hakuwa mwalimu wa ubaoni. Alitupeleka njiani, akatupigisha magoti kwenye kokoto, akagonga reli kwa nyundo na kutuambia tusikilize. Bolti iliyokaza hulia kama kengele. Iliyolegea hulia kama sahani yenye ufa. Wenzangu walicheka nilipofumba macho ili nisikie vizuri, lakini yeye hakucheka. Aliwaambia, "Mwacheni, huyu anasikia." Mimi ni mtu wa haya, tangu utotoni husalimia watu nikitazama viatu vyao, na neno kama hilo naweza kuishi nalo miaka mingi. Niliishi nalo.

Alipoapishwa aliniita mwenyewe ofisini, akanipa cheo cha Afisa Msaidizi wa Mipaka, Daraja la Tatu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna kitu cha kushoto kinachovuka kwenda kulia. Nilimuuliza kwa sauti ndogo kama treni nayo ihesabiwe. Alicheka, akanimiminia chai, akasema mambo makubwa huanza na mikanganyiko midogo, na kwamba nikiwa na shida yoyote nisipite kwa katibu wake, niingie moja kwa moja.

*

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kilometa 412, kwenye kona ya mlima juu ya stesheni ya Majimawili. Huko kulikuwa na genge la watu wanane na nyapara wao, Mzee Hamduni Lukindo, aliyekuwa ameitunza kona ile kwa miaka thelathini na mmoja. Nilifika nikiwa na barua ya kuligawa genge na ndoo ya rangi nyeupe.

Wanne walikwenda kushoto, wanne kulia. Spana ndefu ilikwenda kushoto, nyundo kubwa kulia. Jeki iliwekwa katikati ikisubiri mwongozo, ikaota kutu hapo hapo. Mzee Lukindo alibaki kushoto, na kulia wakampa unyapara kijana mmoja wa genge aitwaye Sefania. Kisha nikapiga mstari mweupe juu ya mataruma, taruma kwa taruma, mwendo wa kilometa mbili. Mzee Lukindo alinishikia ndoo njia nzima. Nilipomwomba radhi alisema nina mkono mzuri, rangi haijachuruzika.

Watu wa genge waliichukua sheria kwa furaha kuliko ilivyotarajiwa. Sefania alikuwa na shemeji yake upande wa kushoto, Chande, na siku ile ile nikamsikia akimwambia, "Shemeji, mguu wako umeingia kwetu bila kibali."

"Mguu huu huu ndio ulioingia kwenu kumposa dada yako," Chande akajibu. "Siku ile mliukaribisha kwa pilau."

"Siku ile tulikuwa hatujajua kama ni wa kushoto."

Walicheka mpaka wakakaa chini, kila mmoja upande wake. Niliandika katika daftari langu kwamba mageuzi yamepokelewa vyema.

Tatizo lilikuwa mwito. Reli ikihama kidogo, haiwezi kurudishwa na watu wanne. Watu wanane huingiza mitaimbo chini yake, na nyapara huwauliza maswali matatu. "Nani mzito?" nao hujibu, "Reli." "Nani mkaidi?" nao hujibu, "Reli." Swali la tatu ni, "Nani mwenyewe?" Hilo halijibiwi. Watu wote wanane hubana pumzi na kusukuma kwa pamoja, na njia nzima husogea kwa upana wa kidole. Mzee Lukindo alinieleza kwamba aliyemfundisha alimwambia vile vile, na hakuna aliyewahi kujibu swali la tatu, kwa sababu anayejibu anapoteza nguvu.

Baada ya mgawanyo, mwito ulipigwa marufuku. Ulikuwa ni mawasiliano baina ya taasisi mbili pasipo barua. Kila upande ukaanza kusukuma reli yake peke yake, kwa saa yake.

Ili kuwatia moyo, Waziri alianzisha Tuzo ya Reli Iliyonyooka. Kila baada ya miezi mitatu wakaguzi walipita, wakalala kifudifudi, wakafumba jicho moja na kuangalia. Kushoto tukavuta reli yetu kuelekea kushoto ili inyooke. Kulia nao wakavuta ya kwao kuelekea kulia. Katika nusu mwaka reli yetu ilikuwa imenyooka kuliko reli yoyote ya kushoto katika ukanda huu. Wageni walikuja kuipiga picha. Ya kulia nayo ilipigwa picha, siku nyingine, na wageni wengine.

*

Mwezi wa nane nilirudi Kilometa 412 kukagua mstari wangu wa rangi. Mzee Lukindo alinikaribisha kwake. Nyumba yake ni ya reli, ya matofali mekundu, na mlango wa mbele uko hatua kumi na mbili kutoka kwenye njia. Mkewe, Bi Mwanahawa, alinipa mihogo ya kuchemsha na kuniuliza kama nimeolewa, nikasema bado, akasema nisiwe na haraka, aliyemuoa yeye alioa kona.

Tulipomaliza kula mzee aliingia chumbani, akainama uvunguni, akatoa fimbo ya chuma iliyofungwa kwenye gunia. Urefu wake ulikuwa mita moja na kitu, ina kidole cha chuma kila mwisho.

"Unamjua huyu?"

Nilimjua. Chuoni tulikiita kipimo cha upana, lakini magenge yote nchini hukiita refa, kwa sababu kikiwekwa kati ya reli na reli ubishi huisha. Kati ya reli zetu inatakiwa kuwe na mita moja. Refa akikaa vizuri, njia ni nzima. Refa akicheza, kuna hatari.

Nilijua pia kwamba refa hakutakiwa kuwepo. Waraka Namba 19, ambao niliusambaza mimi mwenyewe, ulisema kifaa chochote kinachogusa reli zote mbili kwa wakati mmoja kirudishwe makao makuu kiyeyushwe, isipokuwa treni.

"Mzee, hiki kilirudishwa. Nina orodha yenye saini yako."

"Nilirudisha mtaimbo mkuukuu. Yule kijana aliyepokea hakujua tofauti." Alikifuta kwa kiganja. "Njoo uone."

Tulikwenda kwenye kona. Aliweka refa kati ya reli mbili, na refa akalala chini kwenye kokoto kama mtu aliyekosa kitanda. Mzee alijaza pengo kwa vidole. Vilikuwa vidole viwili, vidole vya mtu aliyefanya kazi, yaani sentimita tatu na nusu.

"Kila juma inaongezeka," alisema. "Treni nyepesi itapita. Ikija nzito, magurudumu yatadondoka ndani. Pale." Alionyesha bonde chini yetu. Kulikuwa na mto mwembamba na mbuzi.

Nilimuuliza amemwambia nani.

"Nimemwambia nyapara wa kulia, akasema ya kwake imenyooka. Na kweli imenyooka. Yangu pia imenyooka. Ninyi mmesoma, mwanangu. Andika wewe. Mimi nikiandika watauliza nimepimaje."

Nikaandika. Niliandika usiku na mchana kwa siku mbili, kwa mwandiko safi, na vipimo vya kila hatua kumi. Ningeweza kuandika kwamba "imebainika". Lakini niliona si haki mtu aliyeitunza kona miaka thelathini na mmoja afichwe nyuma ya neno kama hilo, na mimi nisifiwe kwa macho yake. Kwa hiyo niliandika: "Haya yote yamegunduliwa na Mzee Hamduni Lukindo, ambaye kwa uzalendo mkubwa alikihifadhi kipimo cha upana na kuendelea kupima." Nilipoisoma sentensi hiyo machozi yalinilengalenga. Niliona ni nzuri.

*

Niliingia moja kwa moja, bila kupita kwa katibu, kama nilivyoambiwa. Dakta Mpangala alisoma taarifa yangu yote, kurasa tisa, akirudi nyuma mara mbili kwenye vipimo. Alipomaliza alivua miwani. Kisha akasema kwamba katika darasa letu la watu arobaini, aliyemsikiliza nilikuwa mimi tu.

Nikamuuliza kuhusu refa. Nilisema naogopa mzee asije akapata shida.

"Huyo mzee hataguswa," alisema. "Niachie mimi." Akaniwekea mkono begani kama baba.

Nilitoka nikampigia simu Mzee Lukindo kwa simu ya stesheni. Nilimwambia mambo yako katika mikono salama, yuko mtu pale juu anayejua sauti ya bolti. Alinishukuru. Bi Mwanahawa naye alishika simu akanishukuru, akasema atanitumia mihogo.

Taarifa yangu ilifanyiwa kazi haraka, jambo ambalo ni nadra kwetu. Siku ya tatu ilikuwa kwa Bibi Gondwe. Siku ya tano ilikuwa kwa Waziri. Swali la kwanza kuulizwa lilikuwa nafasi iliyopanuka ni ya nani. Kushoto walisema reli yao haijapanuka. Kulia walisema vivyo hivyo. Mwanasheria wa wizara alishauri kwamba kwa kuwa nafasi haina mwenyewe, haiwezi kuwa na kasoro. Swali la pili lilikuwa nani ameipima, na hilo, kwa bahati nzuri, lilikuwa na jibu ukurasa wa kwanza.

*

Baraza la Nidhamu la Pamoja lilikaa katika kantini ya stesheni ya Majimawili. Lilikuwa jambo la kwanza mamlaka mbili kulifanya kwa ushirikiano, na magazeti yalisifu. Mwenyekiti alikuwa Dakta Mpangala, na mwenyekiti mwenza Bibi Gondwe. Refa alilazwa juu ya meza amefungwa utepe, na kando yake ziliwekwa kurasa zangu tisa.

Mashtaka yalikuwa matatu. La kwanza, kumiliki kifaa kinachogusa reli mbili. La pili, kupima mali isiyo na mwenyewe. La tatu, kuijulisha mamlaka nyingine hali ya reli yake bila kuombwa.

Sikuwa nimeambiwa kwamba mimi ndiye shahidi. Niliitwa, nikasimama, nikatazama viatu vya watu. Bibi Gondwe aliniuliza kama ule mwandiko ni wangu, nikasema ndiyo. Akaniambia nisome ukurasa wa kwanza kwa sauti, na nilipoanza akasema hawasikii. Nikaanza tena. Wakasema bado hawasikii. Nikamtazama Dakta Mpangala, mara moja tu. Alikuwa anachonga penseli.

Aliyenisaidia ni Mzee Lukindo, kutoka kwenye kiti cha mshtakiwa.

"Soma tu, mwanangu," alisema. "Ni kweli yote."

Nikaisoma sentensi yangu nzuri mpaka mwisho. Ilipofika "kwa uzalendo mkubwa alikihifadhi," karani wa baraza aliomba nirudie ili apate maneno sawasawa.

Mzee aliulizwa kama ana la kujitetea. Alisema hana, ila angeomba kabla hawajamfukuza warekebishe kona, na kama watu ni wachache yeye yuko tayari kusukuma kama kibarua. Bibi Gondwe alimkumbusha kwamba hilo ni ombi, si utetezi.

Alifukuzwa kazi kwa aibu, na akaamriwa asikaribie reli yoyote, ya kushoto wala ya kulia, kwa hatua hamsini. Nyumba wakamwachia kwa huruma. Ofisa mmoja alikwenda kupima. Chumba cha kulala kilikuwa hatua ishirini kutoka njiani, ukumbi hatua kumi na tatu. Jiko la nje, kule nyuma, lilikuwa hatua hamsini na mbili. Tangu siku hiyo Mzee Lukindo alilala jikoni.

Mlangoni pa kantini nilimngoja.

"Uliandika vizuri," aliniambia. "Ulisahau tu kipimo cha upande wa mto. Pale ni sentimita nne." Akavaa kofia yake. "Ila jina langu lingekuja baada ya kona, si kabla."

Juma lililofuata nilipandishwa cheo. Nikawa Afisa wa Mipaka Daraja la Pili na Mtunza Stoo ya Vielelezo. Cheti kiliandikwa, "Kwa uaminifu."

*

Ilikuwa inakaribia siku ya kutimiza mwaka mmoja wa mgawanyo, na Waziri alitangaza Treni ya Shukrani. Ingekuwa ndefu kuliko treni zote zilizowahi kupita kwetu: vichwa viwili na mabehewa kumi na tisa, kutoka bandarini hadi mji mkuu, na Waziri na wakurugenzi wote wawili wakipunga mikono madirishani.

Nilipewa kazi ya kuandika orodha ya abiria. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo chuoni hatukufundishwa.

Jumatatu, ofisi ya Waziri ilileta barua. Mheshimiwa amepata udhuru, ataipokea treni mji mkuu, atafika huko kwa ndege. Jumanne, Bibi Gondwe alipata mafua. Jumatano, mwanasheria wa wizara alikumbuka ana harusi. Karani wa baraza, yule aliyetaka maneno sawasawa, alimwomba shangazi yake amuugulie. Alhamisi asubuhi, Dakta Mpangala aliniita, akasema ana kikao na nimfute jina. Hakunimiminia chai.

Nilirudi mezani nikayatazama majina niliyoyafuta. Yalikuwa ni majina ya watu wote waliosoma taarifa yangu. Hakukosekana hata mmoja.

Miezi yote ile nilidhani hawakuniamini, na nilikuwa nimewasamehe, maana mtu anaweza kukosea. Kumbe waliniamini. Waliniamini kila sentimita.

Viti vilivyobaki wazi vilijazwa. Dakta Mpangala alipendekeza mwenyewe nani wakae humo: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo cha reli, mabehewa mawili mazima. Aliandika pembeni, kwa mwandiko wake ninaoujua, "Itawapa uzoefu."

*

Treni ilikuwa iondoke Jumamosi. Ijumaa asubuhi nilifungua Stoo ya Vielelezo, nikamtoa refa, nikamfunga katika khanga pamoja na mwamvuli wangu, nikapanda basi la Majimawili. Kondakta aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia ni refa. Akasema mechi za huko zinahitaji.

Nilifika Kilometa 412 ikiwa saa sita na nusu, watu wa genge wakiwa kazini, wanne huku na wanne kule. Niliwaambia ninyi mna wazee wenu, mna watoto, siwezi kuwaamuru, nina uoga kuliko ninyi nyote. Nikawaambia nani atakaa kwenye treni kesho, na nani hatakaa.

Sefania aliuliza saa ngapi sasa. Nikasema karibu saa saba.

"Saa saba ni chakula," alisema. "Chakula hawakukigawa."

Ilikuwa kweli. Sheria iligawa reli, spana, nyundo, mwito na mstari wa rangi, lakini saa ya chakula ilisahauliwa. Kuanzia saa saba hadi saa nane watu wale wanane hawakuwa wa kushoto wala wa kulia. Walikuwa watu tu, na njaa zao.

Wakavuka mstari. Chande alisimama bega kwa bega na shemeji yake, akamwambia, "Leo kanyaga popote." Wakaingiza mitaimbo. Mimi nilipiga magoti kwenye kokoto na refa mkononi. Kisha tukatazamana. Hakukuwa na mwenye kuita. Sefania alijaribu, sauti ikatoka kama ya mtu anayeomba chumvi.

Ndipo ikasikika kutoka nyuma ya nyumba nyekundu, kutoka mlangoni pa jiko, hatua hamsini na mbili kamili kutoka njiani.

"Nani mzito?"

"Reli," wakajibu wanane.

"Nani mkaidi?"

"Reli."

"Nani mwenyewe?"

Hakuna aliyejibu. Reli ikalia, ikasogea. Niliweka refa, nikatikisa kichwa, na Bi Mwanahawa, aliyekuwa amesimama katikati ya ua, akampelekea mumewe habari: bado. Mzee akaita tena. Aliita mara kumi na tisa, hakuvunja amri hata kwa hatua moja. Walikaza bolti, wakapigilia misumari, wakahamia upande wa mto, penye sentimita nne, ambapo safari hii sikupasahau. Saa nane kasorobo refa akaingia kati ya reli mbili, akakaa, hakucheza.

Saa nane kila mmoja akarudi upande wake, akiwa na njaa. Bi Mwanahawa aliwaletea mihogo huko huko.

Treni ya Shukrani ilipita kesho yake saa kumi na moja jioni. Niliiona kutoka mlangoni pa jiko, nikiwa na Mzee Lukindo. Ilipoingia kwenye kona yeye alifumba macho. Nami nikafumba. Mabehewa kumi na tisa, kila gurudumu likilia kama kengele. Wanafunzi walikuwa wakiimba, na mmoja alitoa mkono dirishani akatupungia, akidhani sisi ni wanakijiji.

*

Huko mji mkuu Waziri alisema treni imefika salama, na kwa hiyo mgawanyo umefaulu. Wakurugenzi wote wawili walivishwa nishani, kila mmoja kifuani upande wake.

Lakini zilikuwepo kurasa tisa zilizosema treni nzito ingeanguka, na haikuanguka. Tume iliundwa. Ilikwenda Kilometa 412 na refa, ambaye nilikuwa nimeshamrudisha stoo na kumfunga utepe wake, ikapima hatua kwa hatua. Ilikuta mita moja kamili, hata upande wa mto. Ikahitimisha kwamba nafasi haijawahi kupanuka, na kwamba taarifa yangu ilikuwa uongo wa kuitia hofu nchi.

Niliitwa mbele ya Dakta Mpangala na wajumbe wanne. Nilipewa karatasi mbili za kuchagua. Katika ya kwanza ningekiri kwamba nilidanganya. Katika ya pili, kama nilikuwa na maelezo mengine, kwa mfano kama kuna watu walioigusa njia baada ya taarifa yangu, niwaandike hapo majina yao.

Mistari ya majina ilikuwa minane, sijui kwa nini. Nilimfikiria Chande, na Sefania, na mlango wa jiko. Nikaivuta karatasi ya kwanza. Penye "nani alikusaidia kudanganya," nikaandika: hakuna. Nilitia saini kwa mwandiko wangu safi.

Mzee Lukindo hakurudishwa kazini. Nilithubutu kuuliza. Walisema hakufukuzwa kwa kukosea, alifukuzwa kwa kupima. Mimi sasa niko bandarini, kaunta ya mizigo iliyosahauliwa, na siwezi kulalamika, miavuli ni mingi.

Wajumbe walipotoka siku ile, Dakta Mpangala alibaki. Alifunga mlango. Akasogea karibu, akaongea kwa ile sauti ya chuoni, ya chini, ya kwenye kokoto. Alisema mwezi ujao ni zamu yake kusafiri kwa treni na ujumbe wa wageni, hakuna namna ya kukwepa.

"Niambie mimi tu," alisema. "Ile kona mliirekebisha? Mliirekebisha vizuri?"

Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vipya. Kisha nikainua macho, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nikamtazama usoni.

"Kona gani, Mwalimu?"